Presha ya Shangazi Kuanzia Siku ya Tano

Wakati ule nilikuwa na mstari wa kijani kwenye simu yangu. Kila nikifungua masomo ulikuwa unatokea juu ya kioo, mwembamba kama uzi wa kushonea, ukinionyesha nimefika wapi katika diploma yangu ya uuguzi. Nilipoanza ulikuwa mfupi kama kucha. Nilipofika moduli ya tisa ulikuwa umebakiza kipande kidogo tu kule mwisho, na kile kipande nilikiangalia mara nyingi kuliko nilivyojiangalia kwenye kioo.

Masomo yalikuwa ya mtandaoni. Hakuna darasa, hakuna kengele, hakuna mwalimu wa kukukodolea macho. Ukurasa wa kwanza ulisema: "Soma kwa mwendo wako." Niliyapenda maneno hayo mpaka nikayanakili kwenye karatasi na kuyabandika ukutani juu ya kitanda. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakuwa ya kutundikwa popote. Nilipenya kwa mlango mdogo, nikasoma cheti cha uuguzi, nikapata kazi katika zahanati moja ya mtu binafsi kule Temeke. Darasani nilikuwaga yule wa kuelewa wakati wenzake wameshafuta ubao. Kwa hiyo kusikia kuna shule ambayo ubao wake haufutwi, niliona Mungu amenikumbuka.

Kumbe mwendo wangu haukuwa wangu. Ulikuwa wa mama aliyeleta mtoto mwenye homa saa ile ile niliyokaa kunywa chai. Ulikuwa wa bando lililokata katikati ya mtihani, na wa miguu yangu iliyovimba kwa kusimama kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nilisomea stoo ya dawa, nimekalia boksi la glavu, simu nimeiegemeza kwenye chupa za dripu. Mwalimu wa kwenye video alikuwa na sauti ya upole mno, sauti ya kubembelezea watoto wachanga. Siku moja nilisinzia akiwa kwenye figo, nilipozinduka ameshafika kwenye ini na ameanza kuuliza maswali.

Lakini nilikuwa na ndoto, na ndoto hazichokagi. Pale pale juu ya boksi nilikuwa nimeshapanga wodi yangu: mapazia ya njano, redio ndogo inayoongea taratibu, wagonjwa wananiita sista wakiwa wanacheka. Sare nilishaichagua kitambaa, na viatu pia. Kilichobaki ni kile kipande cha mstari.

Wanafunzi wenzangu sikuwahi kuwaona kwa macho. Tulikutana kwenye kundi la wasap. Kulikuwa na kaka mmoja wa Boko, baba wa watoto wawili, aliyekuwa akituma maswali kwa sauti huku watoto wanalia nyuma yake. Na kulikuwa na dada mmoja wa Kinyerezi, mcheshi, ambaye ndiye niliyemzoea zaidi. "Shosti," aliniandikia mara ya kwanza tulipochati, "mie nakaa jirani kabisa na mitambo ya umeme, naisikia inavyonguruma, na simu yangu iko asilimia tatu. Niambie kama hiyo ni haki." Nilicheka stooni peke yangu mpaka sista mkuu akagonga mlango kuuliza kama nina mgeni humo ndani.

Moduli ya tisa ilikuwa ya kumfuatilia mgonjwa. Umchague mtu mmoja mwenye ugonjwa wa kudumu, umpime asubuhi na jioni kwa siku kumi na nne, uandike kwenye jedwali, umfundishe kula na kumeza dawa. Kila juma msimamizi wako wa kazini aupigie sahihi ukurasa. Ukimaliza unapiga picha, unatuma, unafunguliwa mtihani wa mwisho. Akaunti yetu ilikuwa ya miaka miwili, na ya kwangu ilikuwa imebakiza wiki tatu ijifunge. Siku kumi na nne ndani ya wiki tatu, zinatosha, tena chenji inabaki. Ndivyo nilivyojiambia.

Mgonjwa hakuwa wa kutafuta. Nilikuwa naishi kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, chumba na sebule Tandika, na shangazi alikuwa na presha tangu miaka mitano nyuma. Asubuhi anakaanga vitumbua barazani, ikifika saa nne ameshamaliza, anaoga, anasubiri adhuhuri. Baada ya alasiri analala kidogo, na usingizi wake ni ule wa kukoroma mpaka pazia linatikisika.

"Kwa hiyo mie ndo mtihani wako?" aliuliza nilipomweleza.

"Ndiyo shangazi."

"Basi umefaulu. Mie sijawahi kumfelisha mtu." Akakunja mkono wa dera, akaninyooshea. "Haya, puliza. Lakini usinibane kama yule kijana wa hospitali, mkono wangu si ndimu."

Siku nne za kwanza nilifanya kama mwalimu wa video alivyotaka. Nilimkalisha, miguu chini, mkono juu ya meza, asiongee. Kutoongea ndiko kulikomshinda. Nilifunga kitambaa, nikapuliza mpira, nikasikiliza mapigo kwa kifaa changu cha masikioni. 138 kwa 88. 136 kwa 86. Dawa zake alikuwa anameza vizuri, kidonge kimoja kila baada ya chai. Niliandika namba kwenye daftari lenye jalada la maua, siku ya kwanza, siku ya pili, kwa kalamu ya bluu, na shangazi alikuwa anachungulia juu ya bega langu kama mtu anayesoma barua ya mtoto wake.

Siku ya tano tuliletewa watoto saba wa kuharisha kwa mkupuo, na mwenzangu wa zamu alikuwa anaumwa. Sikukaa. Nilipofika nyumbani jioni nilikuta shangazi amekaa mkao wa kupimwa, mkono juu ya meza.

"Leo hunipimi?"

"Kesho shangazi. Nimechoka, hata masikio yenyewe hayasikii."

"Kalale mwanangu."

Kesho yake wakati wa chai nilijifungia stooni, nikaandika kwenye kundi: "Nyie, moduli ya tisa mmeivukaje?"

Yule wa Kinyerezi akajibu hapo hapo. "Siku kumi na nne nani anazo? Nilijaza zote kwa kikao kimoja. Ila usiandike namba zinazofanana, watakushtukia. Panda shuka kidogo, halafu iwe inashuka mwishoni, wanapendaga kuona mgonjwa anaendelea vizuri."

Nilikaa na hayo maneno kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe. Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Nikajitetea moyoni: shangazi anameza dawa, presha yake inajulikana, si mgonjwa wa kitandani. Na nikipata siku hizi nitasoma kwa ajili ya mtihani wa mwisho. Nikachukua kalamu ile ile ya bluu nikajaza kuanzia siku ya tano mpaka siku ya kumi na nne, asubuhi na jioni. 134 kwa 84. 136 kwa 84. 130 kwa 82. Niliona hata raha, kama mtu anayepamba keki. Siku ya kumi na nne jioni nikaandika 118 kwa 76, presha ya bibi harusi.

Siku mbili baadaye juma lilipotimia nikampelekea sista mkuu ukurasa wa kwanza. Sista mkuu wetu alikuwa mama mrefu wa kutoka Njombe, mgumu wa kucheka, kazi ya uuguzi ameifanya tangu mie sijazaliwa. Alitazama namba, akanitazama mie.

"Unapima mwenyewe?"

"Ndiyo Sista."

Akapiga sahihi. Sahihi yake ilikuwa ndefu na iliyolala, ikapita chini ya siku ya tano, ya sita na ya saba. Nikarudi na daftari nyumbani, nikaliweka juu ya kabati la vyombo lisubiri siku ya kumi na nne ifike kweli, nipige picha nitume. Sikumpima tena shangazi. Na yeye hakuuliza tena, nami nikashukuru kwamba hakuuliza.

Ilikuwa siku ya kumi na moja, ingawa daftari lilikuwa limeshafika mbali. Kwenye saa tatu asubuhi nilikuwa nafunga kidonda cha mzee mmoja fundi baiskeli nikasikia sauti ya jirani yetu mapokezi. Nilitoka nikiwa bado na glavu. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi, khanga ya kichwani imeegama upande, unga wa vitumbua umemkaukia mpaka kwenye viwiko. Jirani alimleta kwa bajaji. Alikuwa anageuza vitumbua, akasema kichwa kinamuuma, akasema barabara inacheza, halafu akakaa chini kwa kishindo pembeni ya jiko.

Lakini mkononi alikuwa amebeba daftari lenye jalada la maua. Aliagiza liletwe kabla hajapandishwa kwenye bajaji.

"Mtu wa presha haendi kwa daktari bila rekodi yake," alimwambia daktari wetu, kijana mpole ambaye naye alikuwa na miezi michache tu pale. "Mwanangu ananiandika kila siku. Soma."

Sista mkuu alimpima. Nilimwona akipuliza mara ya pili ili awe na hakika. "194 kwa 110," alisema.

Daktari alikuwa anafungua kurasa. Aliangalia mstari wa mwisho, akakunja uso. "Na hii 118 ni ya lini mama?"

"Si ya juzi juzi hiyo. Ndo maana nashangaa. Mie nimeshapona."

"Kutoka 118 mpaka 194 kwa siku chache?" Daktari alimgeukia sista mkuu, wakaanza kuongea kwa sauti ya chini, ile sauti ya watu wa hospitali ninayoijua maana na mie huwa naitumia. Presha ikiruka hivyo bila sababu, alisema, huenda kuna kitu kingine, kichwani au kwenye figo. Alivuta karatasi ya rufaa. Alianza kuandika.

Mie nilikuwa nimesimama na glavu zangu. Naikumbuka kalamu ya daktari ilivyokuwa inakwenda. Niliwaza mstari wa kijani, siwezi kusema sikuuwaza. Siku kumi tu zilikuwa zimebaki kwenye akaunti. Nikisema, sina tena siku kumi na nne za kuanza upya. Niliwaza pia ile sahihi ndefu. Halafu nikamwona shangazi anatabasamu upande wangu, ananikonyeza kabisa, kana kwamba anasema, umeona nilivyolibeba?

"Daktari," nilisema, "hizo namba usizifuate. Kuanzia siku ya tano si za kweli. Nilijaza mwenyewe."

Kalamu ilisimama.  Kupitia mlango niliouacha wazi, yule mzee fundi baiskeli alinyanyua macho kutoka kwenye kidonda chake nusu kilichofungwa, akayateremsha tena.

"Hukumpima?" aliuliza daktari.

"Sikumpima. Nilipima siku nne tu."

Daktari akavuta kiti karibu na shangazi. "Mama, dawa zako za presha mara ya mwisho ulimeza lini?"

Shangazi alikuwa ananiangalia mie. "Nilipopona nikaacha," alisema polepole. "Leo siku ya tatu. Niliangalia daftari, nikaona presha inashuka, inashuka, imefika mia na kumi na nane. Kule kliniki walitufundisha ikiwa chini ya mia na ishirini ni ya mtu mzima wa afya. Sasa mtu mzima wa afya anameza dawa za nini?"

"Lakini shangazi," nilisema, "si ulikuwa unajua sikupimi?"

"Nilidhani unanipima nikiwa nimelala." Akanishika mkono, ile glavu na vyote. "Mie nikilala baada ya alasiri hata nyumba ibebwe sijui. Nikasema mtoto huyu anarudi amechoka hivi, hataki kuniamsha, ananivizia. Nikafurahi. Nikawaambia na majirani."

Jirani akaitikia, "Alituambia kweli."

Daktari aliikunja ile karatasi ya rufaa, akaitupa. Alimpa shangazi kidonge cha kumeza pale pale, akaagiza alazwe kwenye kitanda cha mapumziko, apimwe kila baada ya nusu saa. Kufika adhuhuri ilikuwa imeshuka kidogo, kichwa kimetulia, na ameanza kuuliza nani amezima jiko lake.

Mie niliingia stooni. Nililia nimekalia boksi la glavu, kimya kimya, kwa sababu nje watu walikuwa wanasubiri kuchomwa sindano. Sista mkuu aliingia bila kugonga. Alikuwa na daftari.

"Hii ni sahihi yangu," alisema, akaniwekea kidole chini ya ukurasa.

"Ndiyo Sista. Nisamehe Sista."

"Mimi nimefanya kazi hii tangu tunachemsha sindano kwenye sufuria. Sijawahi kupima mtu kwa kalamu." Alichana ukurasa ule taratibu, kutoka juu mpaka chini, akaukunja akautia mfukoni mwa sare yake. Sijui alikwenda kuufanya nini. "Akaunti yako inafungwa lini?"

Nikamwambia.

"Hazitoshi."

"Hazitoshi Sista."

Alisimama pale, mrefu, kichwa karibu kigonge rafu ya juu. Nilidhani ataniambia kazi basi. Alisema, "Futa kamasi. Kuna watu nane nje. Jioni ukimpima, niletee kesho nione. Kila siku nione." Akatoka.

Jioni ile niliandika kwenye kundi kwamba moduli ya tisa naianza upya, na sababu yake nikaieleza bila kuficha. Kaka wa Boko alituma sauti, akanipa pole, watoto wake wakilia kama kawaida. Yule wa Kinyerezi hakujibu mpaka kesho yake. "Shosti, mgonjwa wangu mie alikuwa mama mkwe," aliandika. "Nimempigia simu kumuuliza kama anameza dawa. Ameniuliza kwani nani amekufa." Sikujua nicheke au nifanye nini. Nikacheka.

Niliomba kuongezewa muda. Jibu lilikuja sekunde ile ile, limeandikwa na mashine: ombi lako limepokelewa. Halafu kimya.

Nikaanza siku ya kwanza. Shangazi alikaa mkao wake, miguu chini, mkono juu ya meza. Safari hii alinyamaza kweli, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko angenisema. Nilipomaliza nikamgeuzia daftari aone: 168 kwa 102.

"Hiyo ndo yangu?"

"Ndiyo yako."

"Mbaya."

"Mbaya, lakini yako. Dawa umemeza?"

"Nimemeza. Ukitaka nitanue mdomo uangalie." Nikamwambia atanue. Akatanua, tukacheka kidogo, ikapita.

Siku zikaenda. Asubuhi naamka kabla hajawasha jiko, jioni narudi na miguu yangu mizito, kabla sijavua viatu napuliza mpira. Kuna jioni mapigo niliyasikia yamechanganyika na usingizi, nikalazimika kurudia mara tatu, na shangazi akiguna, "Mkono si ndimu." Kila asubuhi sista mkuu aliangalia namba, akapiga sahihi ndogo pembeni ya siku moja moja. Hakuwahi tena kuipitisha ile ndefu.

Siku ya kumi nilifungua simu wakati wa chai nikakuta mstari wa kijani haupo. Palikuwa pameandikwa kwamba muda wa akaunti umekwisha, niwasiliane na ofisi. Nilizima nikawasha, kama vile tatizo ni simu. Ofisi walipopokea, dada mmoja aliniambia ombi langu bado halijafika mezani kwa mhusika, nijaribu wiki ijayo. Nilimshukuru. Nikarudi kupanga bomba za sindano.

Nilifika nyumbani jioni. Nilivua viatu, nikakaa kitandani chini ya ile karatasi yangu ya "mwendo wako", nikainua mkono kuibandua, hata nguvu ya kuibandua sikuwa nayo. Shangazi aliita kutoka sebuleni.

"Vipi, leo sipimwi?"

"Shangazi, akaunti imefungwa. Hata nikiandika hakuna pa kutuma."

 Nikasikia kiti kinavutwa, na bangili zake zinagonga meza.

"Mie mkono nimeshauweka," alisema. "Au nikalale, ndo uje?"

Nikanyanyuka. Nikafunga kitambaa, nikapuliza, nikasikiliza mpaka mwisho. 144 kwa 90. Nikaandika, siku ya kumi, jioni.